Injini ya Mashindano Isiyovuka Vipimo vya Kiwandani

Watu wengi huamini kwamba gari la mashindano hushinda kwa sababu limefungwa injini ya ajabu isiyopatikana madukani. Imani hiyo ina ukweli kwa baadhi ya mashindano, lakini si kwa yote. Yapo mashindano ambayo kanuni zake humlazimisha kila mshindani kutumia injini ya aina moja, iliyoundwa kiwandani kwa ajili ya magari ya kawaida ya barabarani. Fundi haruhusiwi kupanua silinda, kubadili kabureta, wala kuweka pistoni za aina nyingine. Hata hivyo, injini hizo hazilingani kwa nguvu, na wapo mafundi ambao injini zao hutangulia mara kwa mara bila ya kuvunja kanuni hata moja.

Jambo hilo linawezekanaje? Jibu lake halimo katika siri yoyote ya kishirikina wala katika udanganyifu. Limo katika elimu ya vipimo, yaani katika kuelewa tofauti iliyopo baina ya kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro na kipimo cha chuma chenyewe kilichotoka kwenye mashine. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa kutumia mfano wa injini moja maarufu, na yanaonyesha jinsi hesabu na fizikia ya shule ya sekondari zinavyotosha kuifafanua sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Mfano wa Formula Ford

Katika miaka ya 1960 shule za udereva wa mashindano nchini Uingereza zilikuwa na tatizo la gharama. Injini za mashindano zilikuwa ghali, tena ziliharibika upesi mikononi mwa wanafunzi. Ndipo ulipopatikana uamuzi wa kutumia injini za kawaida za kampuni ya Ford. Kutokana na uamuzi huo kulizaliwa aina mpya ya mashindano iliyoitwa Formula Ford, na shindano lake la kwanza lilifanyika katika uwanja wa Brands Hatch tarehe 2 Julai, 1967.

Shabaha ya mashindano hayo ilikuwa ni kumpa kijana asiye na fedha nyingi nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Gari lilikuwa na kiti kimoja, fremu ya mabomba ya chuma, na halikuruhusiwa kuwa na mabawa ya kuligandamiza chini. Nyuma ya dereva ilifungwa injini ya Ford ya ukoo uitwao Kent, yenye silinda 4 na ujazo wa karibu sentimita za ujazo 1,600. Ukoo huo ulianza mwaka 1959 katika gari dogo la Ford Anglia lenye injini ya chini ya lita moja, kisha ukaendelezwa hatua kwa hatua na kufungwa katika magari ya Cortina na Escort, ambayo yalienea pia katika barabara za Afrika Mashariki.

Kwamba shabaha ilifikiwa ni jambo lisilo na shaka. Miongoni mwa madereva waliopitia Formula Ford na baadaye wakawa mabingwa wa dunia wamo Emerson Fittipaldi, James Hunt, Jody Scheckter, Nigel Mansell na Ayrton Senna. Lakini kadiri mashindano yalivyokua, ndivyo thamani ya kila nguvu ya farasi ilivyopanda. Katika mashindano ambayo magari karibu yote yanalingana, mwenye kuzidi kidogo tu kwenye njia iliyonyooka ndiye anayefika wa kwanza kwenye kona. Kwa hiyo mafundi walilazimika kujiuliza: ikiwa kanuni hazimruhusu mtu kuibadili injini, je, anaweza kufanya nini nayo?

Kwa nini injini mbili za kiwanda kimoja hazilingani

Hakuna mashine duniani iwezayo kukata chuma kwa kipimo kamili kabisa. Kisu cha mashine hulika kidogo kidogo, chuma hupanuka kwa joto, na meza ya mashine hutikisika. Mhandisi anayechora kifaa anajua hayo yote. Kwa sababu hiyo haandiki kipimo kimoja tu, bali huandika kipimo pamoja na kiasi cha kuzidi au kupungua kinachokubalika. Kiasi hicho kinaweza kuitwa ruhusa ya kipimo.

Ruhusa ikiwa ndogo mno, vifaa vingi vitakataliwa na bei ya gari itapanda. Ruhusa ikiwa kubwa mno, vifaa havitakaa pamoja sawasawa na injini itakufa mapema. Kiwanda huchagua njia ya katikati: injini iwake vizuri, idumu, na iuzwe kwa bei ambayo watu wataimudu. Kwa mnunuzi wa kawaida hilo latosha. Haoni kwamba silinda ya kwanza ya gari lake imegandamiza hewa kuliko silinda ya nne, wala kwamba pistoni moja ni nzito kuliko mwenzake.

Injini ina mamia ya vifaa, na kila kimoja kimeangukia mahali fulani ndani ya ruhusa yake. Kimoja kimezidi, kingine kimepungua, kama vile wanafunzi wa darasa moja wasivyolingana kwa urefu ijapokuwa wana umri mmoja. Ni nadra sana kwa vifaa vyote vya injini moja kuangukia upande ulio bora. Fundi wa mashindano hufanya kwa mkono na kwa subira jambo ambalo kiwanda hakina muda wa kulifanya: hupima kila kifaa, hukilinganisha na mchoro, kisha hukirekebisha au hutafuta kingine mpaka injini nzima ifanane na ile ambayo mhandisi aliikusudia. Mafundi wa Uingereza na Marekani waliipa kazi hiyo jina la karatasi za buluu ambazo zamani zilitumika kunakilia michoro ya viwandani, kwa maana kwamba injini imejengwa kama mchoro unavyoagiza.

Hesabu ya ujazo na mgandamizo

Hatua ya kwanza ni kujua ujazo wa kila silinda. Kipenyo cha silinda ya injini ya Kent ya 1,600 ni milimita 80.98, na pistoni husafiri milimita 77.62 kutoka chini hadi juu. Eneo la duara la kipenyo hicho ni sentimita za mraba 51.5. Eneo hilo likizidishwa kwa sentimita 7.762 hupatikana sentimita za ujazo 399.8. Kwa silinda 4 jumla ni sentimita za ujazo 1,599.

Mtu anaweza kudhani kwamba faida kubwa itapatikana kwa kuipeleka silinda kwenye ukingo wa juu wa ruhusa yake. Hesabu inakataa. Kipenyo kikiongezeka kwa sehemu 2 za mia za milimita, ujazo wa injini nzima huongezeka kwa sentimita za ujazo 0.8 tu, yaani sehemu 5 katika kila 10,000. Hakuna dereva atakayeihisi tofauti hiyo.

Jambo kubwa zaidi ni uwiano wa mgandamizo. Huu ni uwiano baina ya nafasi iliyomo ndani ya silinda pistoni ikiwa chini kabisa na nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba kanuni zinaruhusu uwiano wa 9 kwa 1. Ili kuupata, nafasi inayobaki juu ya pistoni haina budi kuwa sentimita za ujazo 50 hivi, kwa kuwa 399.8 ukijumlisha 50, kisha ukagawa kwa 50, ni karibu 9.

Sasa ichukuliwe kwamba injini iliyotoka kiwandani ina nafasi za sentimita za ujazo 52, 50, 51 na 52 katika silinda zake nne. Silinda yenye 52 ina uwiano wa 8.7 tu. Nadharia ya injini za petroli inafundisha kwamba kadiri uwiano wa mgandamizo unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta inavyogeuzwa kuwa kazi. Kwa injini ya kinadharia isiyopoteza kitu, uwiano wa 8.7 hutoa kazi asilimia 57.9 ya joto, na uwiano wa 9 hutoa asilimia 58.5. Injini halisi hutoa kazi ndogo zaidi ya hiyo, lakini uhusiano ni uleule: silinda iliyolegea inatoa pungufu ya asilimia moja ya nguvu iliyostahili kutoa. Asilimia moja ya nguvu za farasi 100 ni nguvu ya farasi mmoja, na hiyo imepatikana bila ya kuvuka kanuni.

Upimaji wenyewe hufanywa kwa bureti, chombo ambacho mwanafunzi wa kemia anakifahamu. Pistoni hupandishwa juu kabisa, ukingo wake huzibwa kwa grisi, na uso wa bloku hufunikwa kwa kipande cha plastiki ngumu kinachopenyesha nuru, chenye tundu dogo. Mafuta mepesi huteremshwa kutoka kwenye bureti mpaka nafasi yote ijae na kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Kiasi kilichotoka kwenye bureti ndicho ujazo wa nafasi hiyo. Kwake huongezwa nafasi iliyomo kwenye silinda hedi na ile inayoachwa na unene wa gasketi. Gasketi yenye unene wa milimita 0.8 baada ya kubanwa na tundu la kipenyo cha milimita 83 huongeza sentimita za ujazo 4.3, kiasi ambacho si cha kupuuzwa.

Katika injini ya Kent kuna jambo la kuvutia kuhusu umbo. Silinda hedi iliyoanza kutumika mwaka 1967 hupokea hewa upande mmoja na kutoa moshi upande wa pili, na uso wake wa chini ni bapa. Chumba cha mwako, kwa karibu chote, ni bakuli lililochimbwa kichwani mwa pistoni. Fundi aliyezoea injini nyingine anaweza kudhani kwamba akiuparuza uso wa silinda hedi atakipunguza chumba. Atakuwa amepoteza kazi yake bure, kwa sababu uso bapa ukiparuzwa hubaki bapa. Katika injini hii ni uso wa bloku unaohesabika: kila sehemu moja ya kumi ya milimita inayoondolewa hupunguza nafasi kwa nusu sentimita ya ujazo. Kutoka 52 hadi 50 ni karibu sehemu nne za kumi za milimita. Hata hivyo bloku ikikatwa imekatwa. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Ndiyo maana fundi hupima mara kadhaa kabla ya kukata mara moja.

Uzito wa gramu tano

Hatua ya pili ni mizani. Pistoni, pini zake na konrodi hupimwa uzito kimoja kimoja. Fundi hutafuta kile kilicho chepesi kuliko vyote, kisha huondoa chuma kidogo kwenye vile vizito, katika mahali ambapo kanuni zinaruhusu, mpaka vyote vilingane. Konrodi hupimwa kila upande peke yake, kwa sababu ncha moja huzunguka pamoja na krankshafti na ncha nyingine hupanda na kushuka pamoja na pistoni.

Je, tofauti ya gramu chache ina madhara gani? Fizikia inatoa jibu. Nguvu inayohitajika kukigeuza kitu kwenye mviringo ni sawa na uzani wa kitu hicho ukizidishwa kwa nusukipenyo cha mviringo na kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Kwa injini hii nusukipenyo ni nusu ya safari ya pistoni, yaani milimita 38.81. Injini ikizunguka mara 6,500 kwa dakika, kasi yake ya mzunguko ni radiani 681 kwa sekunde. Gramu 5 za ziada huleta nguvu ya nyutoni 90, karibu sawa na uzito wa mfuko wa kilo 9 unaotupwa huku na huku zaidi ya mara 100 katika kila sekunde.

Mtikisiko huo hauleti faida yoyote. Unakula nguvu, unachosha chuma, na unazipiga beringi mpaka utando wa mafuta unaozilinda unakatika. Injini iliyosawazishwa huweza kuzunguka kwa kasi ileile kwa muda mrefu zaidi, na dereva anaweza kuitumia hadi ukomo wake bila ya hofu. Katika mashindano, injini iliyovunjika haina nguvu hata ya farasi mmoja.

Saa ya vali

Hatua ya tatu inahusu wakati wa kufunguka na kufunga kwa vali. Kazi hiyo hufanywa na kemshafti, ambayo katika injini ya Kent imo ubavuni mwa bloku na huzungushwa kwa mnyororo kutoka kwenye krankshafti. Kemshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo kosa la digrii moja kwenye kemshafti ni kosa la digrii mbili kwenye krankshafti.

Makosa hayo hutokea kwa urahisi. Mnyororo hulegea, tundu la pini huwa limetobolewa kando kidogo, au meno ya gia huwa yamepishana na alama zake. Kila kosa ni dogo, lakini yakielekea upande mmoja hujumlishwa. Vali ya kuingizia hewa ikichelewa kufunga, sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia husukumwa nje; ikiwahi mno, silinda haijazi vya kutosha.

Ili kulisahihisha kosa, fundi hufunga sahani yenye digrii 360 mbele ya krankshafti. Tatizo la kwanza ni kuipata sifuri, yaani nukta ambayo pistoni imefika juu kabisa. Kuitafuta kwa kutazama pistoni hakufai. Karibu na kilele cha safari yake pistoni husogea kidogo mno: krankshafti ikigeuka digrii 2 kutoka kileleni, pistoni hushuka karibu sehemu 3 za mia za milimita tu, ambazo ni chini ya unene wa unywele. Kwa hiyo fundi hutumia hila ya jiometri. Huweka kizuizi kinachoisimamisha pistoni kabla haijafika juu, hugeuza krankshafti upande mmoja mpaka izuiwe na kuandika digrii, kisha huigeuza upande wa pili mpaka izuiwe tena na kuandika. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo kilele cha kweli. Njia hiyo inaonyesha kanuni inayofaa katika maabara yoyote: kitu kisichoweza kupimwa vema mahali pake hupimwa kutoka pande zake mbili zilizo sawa.

Chuma, joto na kipimo

Mtu anayepima sehemu za mia za milimita hawezi kulisahau joto. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho kilichotumika katika bloku ya Kent, hupanuka kwa kiasi cha sehemu 11 katika milioni kwa kila digrii moja ya sentigredi. Bloku iliyoachwa juani mpaka ikafika digrii 45 itakuwa na silinda pana kwa milimita 0.022 kuliko ikiwa na digrii 20. Kiasi hicho kinakaribia nusu ya nafasi ambayo fundi huenda amekusudia kuiacha baina ya pistoni na silinda. Kwa sababu hiyo wahandisi wa dunia nzima wamekubaliana kwamba vipimo vya michoro vinahesabiwa katika digrii 20. Fundi wa Dar es Salaam anayepima adhuhuri hana budi kuviacha kifaa na maikromita mahali pamoja kivulini kwa saa kadhaa ili vilingane joto, au kulifanyia hesabu joto lililozidi.

Kuna jambo jingine. Bloku huonekana kama jabali, lakini boliti za silinda hedi zinapokazwa huivuta, na duara ya silinda hugeuka kidogo kuwa yai. Silinda iliyosuguliwa ikawa duara kamili mezani haitabaki duara baada ya injini kufungwa. Mafundi stadi hufunga bamba nene la chuma juu ya bloku na kuzikaza boliti kwa nguvu ileile itakayotumika mwishoni, kisha ndipo husugua silinda. Bamba likiondolewa silinda hupinda. Silinda hedi ikifungwa hurudi kuwa duara. Ringi za pistoni hapo huziba sawasawa, gesi ya mwako haivuji, na msuguano hupungua.

Hewa ya Mombasa na hewa ya Nairobi

Baada ya kazi yote hiyo injini hupelekwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Hapo pia elimu inahitajika, kwa maana injini huvuta hewa, na hewa haina uzito mmoja kila mahali. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani. Injini ileile iliyopimwa Mombasa ikipandishwa Nairobi hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake, hata kama hakuna mtu aliyeigusa kwa spana. Hasara hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko faida yote inayopatikana kwa kusahihisha vipimo.

Madereva wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, waliijua hali hiyo vizuri, kwa kuwa njia zao zilipanda kutoka joto la pwani hadi baridi ya nyanda za juu. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda Safari kwa gari la Ford Escort RS1600, ambalo injini yake ilijengwa juu ya bloku ya ukoo huohuo wa Kent, ijapokuwa silinda hedi yake ilikuwa tofauti kabisa, yenye vali 16. Fundi anayelinganisha injini mbili hana budi kuandika kanieneo na joto la hewa la kila siku ya upimaji na kusahihisha matokeo yake kwa hesabu. Asipofanya hivyo, atasifu ufundi wake kwa jambo lililoletwa na hali ya hewa.

Mkaguzi na mpaka

Mashindano ya namna hii husimama au huanguka kwa ukaguzi. Mshindi anapomaliza, gari lake linaweza kuzuiwa na injini yake kufunguliwa. Mkaguzi hupima kipenyo, safari ya pistoni, ujazo wa chumba, uzito wa vifaa na umbo la kemshafti, na kulinganisha na hati iliyosajiliwa. Katika mashindano ya kimataifa hati ya aina hiyo ndiyo msingi wa kanuni zote. Kanuni za Kundi N, zilizoanza mwaka 1982 kwa magari yanayokaribiana sana na yale ya madukani, zilidai hapo mwanzo kwamba yawe yametengenezwa magari 5,000 ya aina hiyo katika muda wa miezi 12.

Hapa pana tofauti ambayo yafaa ifahamike vema. Mchoro wa kiwanda una ruhusa ya kuzidi na kupungua. Mpaka wa kanuni hauna. Kanuni ikisema kwamba konrodi isipungue gramu 600, basi ya gramu 599 imevunja kanuni, hata kama fundi hakukusudia. Fundi mwenye busara hujua pia kwamba mizani yake si kamilifu na mizani ya mkaguzi si kamilifu. Kila moja ikiweza kukosea kwa gramu moja, yeye husimama kwenye gramu 602. Gramu hizo mbili ni gharama ya kulala usingizi. Anayezitamani anaweza kupoteza ushindi wa msimu mzima kwa faida isiyoonekana.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1995, katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali, wakaguzi waligundua kwamba gari la timu ya Toyota lilikuwa na kifaa kilichoruhusu hewa ya ziada kupita kando ya pete iliyowekwa na kanuni ili kuipunguza hewa iingiayo kwenye injini. Kifaa hicho kilibuniwa kwa ustadi mkubwa, kiasi kwamba kikitolewa kwa ajili ya ukaguzi kilionekana kuwa halali. Timu ilinyang'anywa pointi zake zote za mwaka huo na kufungiwa kwa miezi 12. Ustadi haukukosekana katika kazi ile. Kilichokosekana ni kukubali mpaka. Fundi anayesahihisha vipimo na fundi anayevificha huweza kutumia vyombo vilevile na kuwa na mikono yenye ufundi sawa. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza anaweza kuifungua injini yake mbele ya mtu yeyote, wakati wowote.

Faida na mipaka ya kazi hii

Injini ya Kent iliyotayarishwa vema kwa Formula Ford hutoa nguvu zinazozidi kidogo farasi 100. Hakuna hatua hata moja kati ya zilizotajwa ambayo peke yake huleta badiliko kubwa. Mgandamizo uliosawazishwa huleta kidogo, vali zilizorekebishwa huleta kidogo, msuguano uliopungua huleta kidogo. Jumla yake ndiyo hutenganisha gari la mbele na gari la katikati.

Lakini kazi hiyo ina kasoro yake pia, na haifai kufichwa. Mashindano yaliyoanzishwa ili yawe nafuu huanza kuwa ghali pindi mafundi wanapotumia saa nyingi kutafuta sehemu za asilimia. Mwenye fedha anaweza kununua konrodi ishirini ili achague nne zinazofanana; asiye nazo hutumia zile alizopewa. Ndiyo maana baadhi ya waandaaji wa mashindano huamua kuzifunga injini zote kwa lakiri kiwandani na kumkataza kila mtu kuzifungua. Njia hiyo hupunguza gharama, ila haiondoi tofauti zilizotoka kwenye mashine. Huzigeuza kuwa bahati tu. Kila mwandaaji hana budi kuchagua baina ya kuzawadia subira ya fundi na kulinda mfuko wa kijana maskini, na uchaguzi huo hauwezi kufanywa na maikromita.

Kwa shule, somo lililo wazi zaidi linaweza kuanza bila ya injini ya mashindano. Injini kuukuu ya gari lolote, bureti ya maabara ya kemia, mizani ya gramu na maikromita vinatosha. Wanafunzi wakipima ujazo wa chumba cha kila silinda, wakahesabu uwiano wa mgandamizo wa kila moja na kuzichora tofauti kwenye grafu, wataona kwa macho yao kwamba vitu vinavyoitwa sawa si sawa kabisa. Wakipima silinda ileile mara kumi na kupata majibu yanayopishana, watajifunza jambo la pili lililo kubwa zaidi: hata kipimo chenyewe kina kiasi chake cha kukosea, na anayekijua kiasi hicho ndiye anayeweza kusema kwa haki kwamba amepima.